Namna ya Kutambua na Kukadiria Thamani ya Pini za Fedha za Wapenzi wa Askari

Katika Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, askari wengi wa Uingereza waliwanunulia wake, wachumba na mama zao pini ndogo za kifuani zenye nembo ya kikosi chao. Anayetaka kutambua zile za fedha halisi aanze kwa kuigeuza pini na kuusoma mgongo wake, kabla hajavutiwa na uso.

Kwa kioo cha kukuza, tafuta chapa. Simba anayetembea huthibitisha fedha ya kiwango cha 925 kwa 1000. Nanga huonyesha kwamba ilipimwa ubora katika ofisi ya upimaji ya Birmingham, mji uliokuwa kitovu cha ufundi huu. Na herufi iliyo kando hutaja mwaka, ila umbo lake na la ngao inayoizunguka sharti vilinganishwe na jedwali la ofisi hiyohiyo, kwa kuwa kila ofisi ya upimaji ilikuwa na mpangilio wake. Simba asipokuwepo, usiikatae pini kwa haraka, kwani vitu vyepesi mara nyingi viligongwa neno SILVER tu, na vya Marekani STERLING. Herufi EPNS, hata hivyo, humaanisha aloi ya nikeli iliyopakwa fedha. Sumaku ikinasa kwenye nembo yenyewe, hiyo si fedha. Isiponasa, bado hujathibitisha lolote.

Panapokosekana herufi ya mwaka, nembo husaidia. Taji ambalo matao yake yamepanda kwa mviringo lilitumika kuanzia 1901 hadi mwanzoni mwa utawala wa Elizabeth II, na lile lililobonyea katikati likafuata. Kwa hiyo pini yenye taji hilo la pili inayodaiwa kuwa ya 1916 inatia shaka kubwa. Mabawa yenye herufi RFC ni ya jeshi la anga lililoanzishwa 1912 na kuunganishwa katika RAF, Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, tarehe 1 Aprili 1918.

Kuhusu thamani, uzito hutoa kima cha chini tu: pini ya gramu 6 ina gramu 5.55 za fedha safi, yaani takribani 0.18 ya aunsi ya sonara, kiasi kidogo mno. Bei halisi hutokana na uhaba wa kikosi, uzima wa enameli, na ushahidi wa mmiliki, kama vile barua au picha ya mwanamke aliyeivaa, na kwa maoni yangu ushahidi huo haupaswi kamwe kutenganishwa na pini. Kagua pia kama bawaba au kifungio kimeunganishwa upya kwa lehemu ya risasi ya kijivu, kwa sababu ukarabati wa namna hiyo hushusha bei. Usiisugue ing'ae, maana kusugua hula michoro. Kisha linganisha na bei zilizolipwa minadani, si zinazoombwa na wauzaji.

Pini zilizonakshiwa kwa fedha juu ya gamba la ng'amba zinahitaji tahadhari ya ziada: CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, unadhibiti biashara ya gamba hilo, hivyo ulizia kibali kabla ya kuivusha mpaka.