Namna ya Kusafisha Hewa ya Ndani ya Nyumba, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoniita kukagua hewa ya nyumba zao huuliza kwanza wanunue mashine gani. Mashine ina nafasi yake, lakini hutangulia kuondoa kinachochafua hewa, kisha kuitoa hewa chafu nje, na kuchuja hufuata mwishoni.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo. Fanya ukaguzi mara tu unaporudi nyumbani, kwa sababu pua huzoea harufu upesi na aliyeshinda ndani haisikii tena. Pita kila chumba, fungua makabati, kagua chini ya sinki na nyuma ya samani zilizoegemea ukuta.

Hatua ya 2: Shughulikia moto. Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Mkaa uliokolea hautoi moshi unaoonekana, na ndiyo maana watu huuamini, ilhali hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, wala usiwashe jenereta ndani au karibu na dirisha. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wanapotoka, tokeni wote nje mara moja na mtafute matibabu. King'ora cha kugundua gesi hiyo hutoa onyo kabla mambo hayajafika huko. Jiko la gesi nalo hutoa nitrojeni dioksidi, gesi inayowasha mapafu, kwa hiyo washa feni inayotoa hewa nje, si ile inayoirudisha jikoni. Sigara, mishumaa na dawa za mbu za kuchoma huongeza chembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango cha wastani wa mwaka kinachopendekezwa kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Hatua ya 3: Pitisha hewa. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana ili upepo uvuke chumba. Kama nje kuna moshi au msongamano wa magari, subiri upungue.

Hatua ya 4: Dhibiti unyevu. Nunua kipima unyevu na uhakikishe unyevu wa hewa hauzidi asilimia 60. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijaota. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kupoteza fedha: ziba kwanza bomba au paa linalovuja, kwani maji yakiendelea kuingia itarudi tu.

Hatua ya 5: Punguza kemikali. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na siki au amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sumu. Samani mpya za mbao zilizogandishwa kwa gundi huweza kutoa formaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo. Ziache mahali penye hewa nyingi kabla ya kuzilalia au kumwekea mtoto.

Hatua ya 6: Futa vumbi, kisha chuja. Tumia kitambaa chenye unyevu, maana ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani, na viatu viachwe mlangoni. Ukinunua mashine, chagua yenye chujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, lakini elewa kwamba hakizuii kaboni monoksidi. Epuka mashine zinazozalisha ozoni, kwani ozoni yenyewe hudhuru mapafu. Mimea ya vyunguni ilionyesha uwezo wa kusafisha hewa katika majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989, ila yalifanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa. Katika nyumba ya kawaida mchango wake ni mdogo mno. Weka mashine chumba cha kulala, funga mlango inapofanya kazi, na ubadilishe chujio kwa wakati uliotajwa na mtengenezaji.