Jinsi ya kupunguza maji kwenye mabaki ya chakula kabla ya kutengeneza mboji

Mboji inayonuka kama yai viza imezidiwa maji. Maganda ya matunda na mboga yana maji asilimia 80 hadi 90, ilhali lundo linataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60 tu. Maji yakizidi hewa hukosa pa kupita, vijidudu vinavyoitegemea hulegea, na vile vya uvundo vinashika kazi. Ni rahisi zaidi kuyatoa jikoni kuliko kuhangaika na lundo lililokwisha kuloa.

1. Supu na mchuzi visiingie kabisa. Vina chumvi na mafuta. Tikiti, matango na nyanya zilizoiva mno viweke kando, maana hivyo ndivyo vinavyolowesha kila kitu.

2. Yaliyobaki yatie kwenye chujio juu ya ndoo, yalale hapo usiku kucha. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi. Mfuniko usiopitisha hewa unarudisha jasho lote ndani.

3. Sasa kamua, pamoja na yale uliyoweka kando. Mimi naithamini hatua hii kuliko kuanika juani, kwa sababu jua hukausha ngozi ya juu na kuacha ndani mbichi. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 5, vifunge kwenye kitambaa kikuukuu, sokota ncha mpaka mchuruziko ugeuke matone. Kama friza ina nafasi, gandisha mabaki kwanza kisha yaache yayeyuke: barafu hupasua seli, na hata ganda gumu la tikiti linalegea na kukamulika kwa urahisi.

4. Changanya na vitu vikavu, ndoo mbili kwa kila ndoo moja ya mabaki: majani makavu, boksi lililochanwachanwa, maranda. Vumbi laini la mbao likiwa peke yake hugandamana, basi lichanganye na majani. La mbao zilizotiwa dawa liache.

5. Chukua konzi moja, uiminye kwa nguvu. Tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, peleka kwenye lundo. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Lakini usikaushe kupita kiasi. Chini ya asilimia 40 vijidudu navyo huzorota.

Maji uliyochuja yanachacha upesi, kwa hiyo usimwagilie miche. Yanyunyizie lundo la zamani lililokauka, siku hiyohiyo.