Kutengeneza baa ya nyumbani na kumimina bia yako kutoka kwenye kegi: hatua nilizopitia hapa Mwanza

Jumamosi iliyopita nilishinda kwa shemeji yangu kule Buhongwa. Alikuwa na kila kitu: friza, kegi mbili, mtungi wa gesi, kaunta mpya ya mninga, na bia ya shayiri na mtama aliyoipika kwa mikono yake. Kilichokosekana ni bia kwenye glasi. Kila akifungua koki linatoka povu tupu, na kila akipunguza presha povu linazidi. Tulianza saa nane mchana, tukapata glasi ya kwanza ya maana saa moja jioni. Mimi mwenyewe povu hilohilo liliwahi kunikesha usiku kucha, kwa hiyo nimeona niandike hatua zote, na hiyo ya povu niifafanue kwa kirefu.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kupika bia na amechoka kuosha chupa 50 kila pishi. Tena ni bia ya nyumbani, ya kwako na wageni wako. Ukitaka kuuza, kwanza nenda halmashauri ukaulizie leseni.

Hatua ya 1: Mahali pa kuweka

Wengi wetu tumejenga katikati ya mawe. Jiwe linapigwa jua mchana kutwa, halafu usiku linaurudisha ule moto polepole. Friza iliyogusana na ukuta ulioegemea jiwe, hasa upande wa magharibi, haipumziki na Luku inakwenda haraka. Acha nafasi ya kiganja kati ya friza na ukuta pande zote. Chumba kiwe na dirisha au tundu la hewa karibu na sakafu. Gesi ya kaboni (kaboni dioksidi, ile inayoingia kwenye bia) ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini.

Hatua ya 2: Friza

Chukua friza ya kufungulia juu, usichukue friji ya mlango wa mbele. Ya juu ukiifungua baridi inabaki ndani, na umeme ukikatika inakaa na baridi kwa saa nyingi. Kabla ya kulipa, kata boksi liwe na kimo cha sentimita 70 na upana wa sentimita 23, nenda nalo dukani ulitumbukize ndani. Hicho ndicho kipimo cha kegi ya lita 19 ikiwa na viunganishi vyake juu.

Usitoboe ukuta wa friza. Mabomba ya gesi ya kupoozea yamepita humohumo ndani ya bati, na ukiyatoboa friza imekufa. Ng'oa kifuniko, mwambie seremala akutengenezee fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 20 hivi, ikae juu ya friza, kisha kifuniko kifungwe juu ya fremu. Koki zote zinapita kwenye mbao hiyo. Wapo wanaopenda mnara wa koki juu ya kaunta kwa sababu unapendeza. Mimi siutaki. Kwa joto letu mnara ni bomba la moto, na utatupa glasi ya kwanza kila siku.

Friza peke yake itagandisha bia. Nunua kidhibiti joto cha kidijitali cha kuchomeka ukutani, friza uichomeke kwenye kidhibiti. Weka nyuzi 4, na umpe kompresa dakika 5 za kupumzika kabla ya kuwaka tena. Kitambuzi chake usikiache kinaning'inia hewani. Kifunge ubavuni mwa kegi kwa tepu na ukifunike kwa kipande cha godoro, ndipo kitapima bia badala ya hewa. Stabilaiza ni lazima.

Hatua ya 3: Kegi

Tafuta zile za chuma kisichoshika kutu za lita 19, zilizotengenezwa zamani kwa ajili ya soda. Kifuniko chake kinafunguka na mkono mzima unaingia ndani kuosha. Zangu zililetwa kutoka Nairobi kupitia Sirari. Kegi kubwa za viwanda vya bia usinunue mtaani hata ukiuziwa bei ya kutupa, zile ni mali ya kiwanda.

Kegi ikiwa imetumika, badilisha oringi zote (pete za mpira za kuzuia uvujaji) kabla ya kitu kingine. Nasema zote, hata ile unayoiona nzima. Paka grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula. Mafuta ya kujipaka ya petroli yanavimbisha mpira.

Hatua ya 4: Gesi

Mtungi wa kaboni uwe wima siku zote, umefungwa kwa mnyororo. Ukiwa kwenye joto la kawaida ndani yake mna presha ya zaidi ya bar 60. Usithubutu kuweka regulata ya gesi ya kupikia. Regulata ya mafundi wa kuchomelea nayo haifai, kwa sababu inapima lita kwa dakika, na wewe unahitaji ya kupima presha.

Wanaojaza mitungi ya kuzimia moto ndio wanaokuwa na gesi hii karibu, lakini waambie wazi kwamba unataka gesi ya vinywaji. Na mtungi wa kuzimia moto wenyewe usiugeuze kuwa wa bia. Ndani una mrija unaofika chini, kwa hiyo unatoa gesi ikiwa bado kimiminika, na kimiminika hicho kikiingia kwenye regulata kinaiharibu.

Regulata inaungana na mtungi kwa washa (pete bapa ya kuzibia), haihitaji tepu ya nyuzi. Kaza kwa spana. Baadaye usiamini geji kubwa kukwambia gesi imebaki kiasi gani: itasimama palepale mpaka kimiminika kiishe, kisha ianguke ghafla. Pima mtungi kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani mwake.

Kujua kama kuna uvujaji, pulizia maji ya sabuni kila kiungo, kegi zikiwa tupu. Halafu funga mtungi ulale hivyo. Geji ikishuka asubuhi, pana tundu. Kipimo hiki usikifanye kegi ikiwa na bia mpya, kwa maana bia inanywa gesi na geji itashuka hata kama hakuna kinachovuja. Na ukikuta gesi imevuja usiku, usiinamishe kichwa ndani ya friza. Fungua kifuniko na madirisha, ondoka, rudi baadaye.

Hatua ya 5: Kaunta

Kimo sentimita 110, upana wa juu sentimita 45, viti sentimita 75. Mbao ni mninga au mvule. Paka vanishi mara tatu.

Hatua ya 6: Kuipa bia gesi

Poza bia mpaka nyuzi 4, fungulia gesi, iache wiki moja hadi mbili. Hiyo ndiyo njia yangu na sina nyingine. Kuna wanaofungulia psi 30 (psi ni kipimo cha presha) na kuitikisa kegi ili wainywe kesho yake. Ukizidisha hapo, hakuna hatua ya mbele itakayokuokoa na povu.

Sasa presha. Majedwali mengi utakayokutana nayo yanasema psi 12 kwa nyuzi 4. Yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Sisi tupo zaidi ya mita 1,130 juu, hewa yetu ni nyepesi, ndiyo maana hata maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Geji haipimi presha yote iliyomo, inapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Kwa hiyo hapa Mwanza ongeza psi 2: weka 14. Ukifuata 12 bia itakuwa imepooza kidogo, na hutajua kosa liko wapi.

Hatua ya 7: Povu

Likitokea povu, mkono unakimbilia regulata. Uzuie. Presha imepangwa na ubaridi wa bia, na kazi yake ni kuishikilia gesi ndani ya bia. Ukiishusha, gesi inachomoka kutoka kwenye bia ikiwa bado njiani, inatengeneza mapovu ndani ya mpira unaopeleka bia kwenye koki, na unapofungua koki unapata povu zaidi. Siku tatu baadaye bia yote imekufa. Mimi nilishuka kutoka 14 hadi 10, hadi 6, hadi 4, mkesha wa Pasaka, wageni wakitarajiwa kesho yake, na kila ngazi mambo yalikuwa mabaya kuliko ile ya juu.

Kinachopunguza nguvu ya bia kabla haijafika kwenye glasi ni mpira. Mpira mwembamba na mrefu unaikwaza bia polepole, ifike kwenye koki imetulia. Mimi nilikuwa nimefunga mita moja ya ule mpira mweupe wa kuona ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia levo ya maji. Tundu lake ni milimita 10. Bia ilipita humo kama maji ya mvua kwenye mfereji, na isitoshe ilinukia plastiki.

Nenda kwa wauza mashine za kuchujia maji ya kunywa, uliza mpira wa robo inchi wanaoungia mashine. Umetengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, tundu lake ni kama milimita 4, na viungo vyake ni vya kusukuma tu kwa kidole. Nunua ule unaopitisha mwanga, utaona kwa nini. Anza na mita 3 umezungusha juu ya kegi. Glasi ya nusu lita ijae kwa sekunde 8 hadi 10. Ikichukua 20, kata sentimita 20 ujaribu tena. Usikate zaidi kwa mara moja, kwa sababu mpira haurudi.

Ikiwa urefu ni sahihi na povu bado lipo, acha kumimina, washa tochi ya simu uutazame mpira. Mahali mapovu yanapoanzia ndipo penye tatizo.

Yakiwa upande wa koki, na ni glasi ya kwanza tu inayoharibika, juu pana joto. Ndani ya friza baridi inalala chini, na mpira ulioko juu karibu na fremu unaweza kuwa na nyuzi 10 wakati kegi ina 4. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, iwekwe chini ipulize juu, inamaliza hilo.

Yakiwa mpira mzima, kila glasi, bia ina gesi kupita kiasi. Funga gesi, vuta pete ya vali ya usalama kwenye kifuniko cha kegi mpaka ikome kupumua, rudia kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku nzima. Haina njia ya mkato. Pia kama umeme ulikatika mchana kutwa, usihukumu bia jioni hiyo. Subiri siku moja ipoe mpaka katikati.

Yakiwa yanaanzia palepale mpira unapotoka kwenye kegi, mapovu madogomadogo yanayofuatana kama shanga, hilo ndilo lililokuwa kwa shemeji, na ndilo lililotula saa tatu nzima kwa sababu tulianza na mpira na feni. Mrija mrefu unaonyonya bia kutoka chini ya kegi umekalia oringi nyembamba kama uzi mnene, chini kabisa ya kiunganishi cha bia. Ikipasuka, gesi ya juu inajipenyeza kwenye bia inapopita. Haivuji nje, kwa hiyo maji ya sabuni hayaioni. Toa gesi yote ndani ya kegi kwanza, ndipo ufungue kiunganishi kwa spana, uvute mrija juu, ubadilishe. Ya shemeji ilikuwa na ufa usiozidi upana wa unywele. Alikuwa amebadilisha oringi zote isipokuwa hiyo, kwa sababu ilionekana nzima. Ukiwa umefungua, kagua na kichwa kidogo chenye springi: mabaki ya hopsi yakinasa hapo yanaleta povu lilelile.

Halafu glasi. Mgeni akishakula sato wa kukaanga, mafuta ya mdomoni yanaua kichwa cha bia, lile povu zuri la juu, mara moja, na atakwambia bia yako haina gesi. Mpe leso kabla ya glasi. Mgeni wa "ya moto" mtengee chupa pembeni, kegi haina ya moto.

Mimina glasi imelala, koki imefunguliwa yote kwa mara moja. Koki ya nusu inatoa povu hata mambo mengine yote yakiwa sawa.

Hatua ya 8: Usafi

Kila kegi ikiisha, pitisha maji ya moto yenye dawa ya kuoshea vyombo vya bia, suuza, kisha pitisha dawa ya kuua vijidudu. Klorini usiiache kwenye chuma hicho, inakila. Mimi natumia iodini ya kusafishia vyombo vya maziwa kutoka maduka ya mifugo. Soma kopo vizuri: iwe ya vyombo, isiwe ile ya kuchovyea chuchu za ng'ombe, maana hiyo ina vilainishi.

Na mwezi unapoandama, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanafuata taa ya baa na kuingia kwenye midomo ya koki. Zima taa ya juu, na kila koki ivishwe kifuniko chake ukimaliza kumimina. Asubuhi ifute kwa kitambaa chenye iodini kabla ya glasi ya kwanza.