Jinsi ya kupunguza gharama za nyumba Mombasa bila kupunguza chakula

Pesa zikibana, nyumba nyingi hukata sahani kwanza. Samaki wanaondoka, nazi mbili zinakuwa moja, watoto wanalala na chai kavu. Kabla ya kufika huko kuna pesa nyingi ya kuokoa kwenye vitu vinavyozunguka chakula: moto wa kukipikia, maji, umeme, na ile tabia ya kununua kidogo kidogo dukani kila jioni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukikosa muda, fanya hatua ya 3 peke yake.

Hatua ya 1: Andika

Wiki mbili, kila shilingi inayotoka, hata ya pipi ya mtoto. Safu nne zinatosha: chakula, moto, maji na umeme, nauli na ada za simu. Tumia daftari la shule lililofungwa kamba karibu na mlango. Programu za simu ziache, kwa sababu anayenunua nyanya nyumbani huenda si mwenye simu hiyo.

Hatua ya 2: Jua bei ya kilo na ya lita

Usilinganishe bei ya pakiti, linganisha bei ya kipimo. Tuseme mafuta ya kupima unauziwa mililita 60 kwa shilingi 20. Lita moja hapo inakugharimu shilingi 333. Chukua bei hiyo uiweke kando ya chupa ya lita nzima, utajua la kufanya. Hesabu hiyo hiyo ifanye kwa sukari ya robo, sabuni ya unga ya vipakiti na majani ya chai.

Lakini kununua kwa wingi si faida kwa kila kitu, hasa kwa hali ya hewa ya pwani. Mchele na chumvi nunua kwa wingi. Sabuni ya mche pia: ikate vipande, uvipange juu ya kabati vikauke kwa wiki chache. Sabuni iliyokauka haiyeyuki haraka kwenye beseni na huenda mbali zaidi. Vitunguu na nyanya shirikianeni majirani watatu au wanne, mmoja aende soko la Kongowea asubuhi mapema, mgawane neti ya vitunguu na kreti ya nyanya mkirudi.

Maharagwe na unga wa sima, nunua vya mwezi mmoja tu. Unga uliopata unyevu huota kuvu, na kuvu wa mahindi huweza kuacha sumu isiyoondoka kwa kupika. Maharagwe nayo, yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, huwa magumu kiasi kwamba hata uyapike vipi hayalainiki. Gunia la bei nzuri linaweza kukulia gesi kuliko ulichookoa.

Hatua ya 3: Tengeneza kapu la joto

Hapa ndipo palipo na pesa, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa baada ya jaribio la kwanza. Soma yote kabla hujaanza.

Chakula kikishachemka hakihitaji moto zaidi, kinahitaji joto lisitoroke. Sufuria iliyoachwa juu ya meko hupoteza joto pande zote, na gesi unayoendelea kuchoma kazi yake kubwa ni kufidia joto hilo. Ukiifungia sufuria hiyo ndani ya kapu lililojazwa kitu kinachonasa hewa, chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Maharagwe yaliyolowekwa, ambayo yangekula saa moja na nusu ya gesi, yanamalizwa kwa dakika 25 hivi za moto, ukijumlisha mchemko wa mwanzo na wa mwisho.

Vifaa: kapu la ukili lenye kitako kipana, au ndoo kubwa, au hata katoni imara. Kanga mbili kuukuu. Sufuria isiyo na mkono mrefu, yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Na kitu cha kujazia.

Kwa kujazia, sufi ndiyo bora kupita vyote: nyepesi, inanasa hewa, na godoro au mto wa zamani wa sufi hupatikana mitaani. Usumba uliochambuliwa na kukauka vizuri ni wa pili. Unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala unafaa ila ni mzito, na kapu huwa gumu kubeba. Vipande vya godoro la sponji hufanya kazi, lakini mimi sivipendekezi, kwa sababu sufuria iliyotoka kwenye makaa kitako chake kinaweza kuunguza sponji na harufu ikaingia kwenye chakula.

Vipimo: unene wa kujazia uwe sentimita 10 kila upande na 10 chini. Kwa hiyo sufuria yenye upana wa sentimita 20 inataka kapu la sentimita 40. Juu weka mto mzito zaidi, sentimita 15, kwa sababu joto hupanda na mfuniko ndio mlango wake mkubwa. Mto huo ushone kwa kanga, uwe mpana kuliko mdomo wa kapu ili ujisukumize ndani bila kuacha mwanya. Tandika kanga ya pili juu ya kijazio chote, uache shimo la umbo la sufuria yako. Kapu moja ni la sufuria moja. Ukiweka sufuria ndogo kwenye shimo kubwa, hewa inazunguka na joto linaondoka.

Namna ya kupika maharagwe, nusu kilo kwa sufuria ya lita 3:

Yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha maji hayo uyamwage. Weka maji mapya yazidi maharagwe kwa vidole viwili. Chemsha kwa moto mkali, mchemko wa kurukaruka, dakika 10 kamili au zaidi. Usipunguze dakika hizo. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yakiwekwa kapuni kabla ya kuchemka hivyo, joto la kapu halitaivunja, na mlaji atatapika na kuhara. Pojo na mbaazi hazina hatari ya kiwango hicho, ila na zenyewe zichemshe vizuri.

Funika, acha ichemke dakika mbili zaidi bila kufunua ili mvuke ujae. Ondoa sufuria, iweke juu ya ubao kwa nusu dakika kitako kipoe kidogo, kisha iingie kapuni, mto juu, na jiwe au kitabu kizito juu ya mto. Muda wa saa 3 hadi 4. Usifunue kuchungulia. Kufunua mara moja katikati kunatosha kuharibu kazi yote.

Ukitoa, rudisha jikoni, tia chumvi, nyanya na ukwaju, chemsha dakika 10, halafu tui zito mwisho kabisa. Vitu vichachu vikitangulia, maharagwe hukataa kulainika. Tui nalo lisilale kapuni, kwani nazi huchacha haraka kuliko chochote kingine jikoni.

Sasa matatizo, maana ndiyo yanayowarudisha watu kwenye meko.

Maharagwe yametoka magumu. Uliza maji kwanza. Maji mengi ya visima vya Mombasa yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo huyakaza maganda ya maharagwe. Kulowekea na kupikia tumia maji matamu, yale ya chumvi yabaki ya kufulia na choo. Hili peke yake limewafanya watu wengi walaumu kapu bila kosa. Magadi yanalainisha, lakini ncha ya kijiko tu, kwa sababu yakizidi yanaua baadhi ya vitamini na yanaacha ladha ya sabuni. Ikiwa maji ni mazuri na bado ni magumu, basi maharagwe yenyewe ni ya zamani.

Chakula kimetoka vuguvugu. Ama sufuria ilikuwa nusu, ama mto una mwanya. Sufuria ijae angalau robo tatu, chakula kidogo hakina joto la kutosha kujishikilia. Pima hivi: chemsha maji sufuria nzima, weka kapuni muda wa saa 4, kisha gusa. Yakiwa hayashikiki kidoleni, kapu ni zima. Yakishikika, ongeza kijazio, hasa juu.

Chakula kimechacha. Hili ni la hatari na halina mjadala. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hapo, wadudu wa tumbo huzaana, na joto la Mombasa linawasaidia. Usiache chakula kapuni zaidi ya saa 5, usikiache kilale humo usiku kucha, na kila kinachotoka kichemshwe tena kabla ya kupakuliwa.

Wali umekuwa bokoboko. Ndani ya kapu maji hayakauki, kwa hiyo punguza robo. Uliyezoea vikombe viwili vya maji kwa kikombe cha mchele, weka kimoja na nusu. Chemsha dakika 5, kapuni dakika 45. Nyama ya mchuzi: mchemko wa dakika 20, saa 2 hadi 3 kapuni. Sima, samaki na mahamri havihusiki na kapu.

Kila wiki anika kijazio na kanga juani mchana mzima. Mvuke unaingia humo, na sufi yenye unyevu hushikana madonge, haishiki joto na hunuka.

Hatua ya 4: Moto wenyewe

Mtungi wa gesi upime dukani mbele ya muuzaji. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwenye shingo yake. Jumlisha kilo 6 au 13, ndiyo namba unayotakiwa kuiona kwenye mizani. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria inaingia masizi, sugua tundu za meko kwa brashi na sindano.

Kwa makaa, nunua jiko lenye udongo ndani, achana na la bati tupu. Washa kwa vifuu na makumbi, hivyo vinatupwa bure na kifuu kina moto mkali. Jiko la makaa lisiingie chumba kilichofungwa, hata likiwa linaelekea kuzimika. Hewa yake inaua bila harufu.

Hatua ya 5: Umeme

Watu wengi huamini kwamba kununua tokeni kidogo kidogo kunawaweka kwenye bei nafuu. Kinachoamua ni matumizi: madaraja ya bei ya nyumbani ni hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100, na yanapimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kujibana mara nyingi hautoshi, jibane mitatu mfululizo. Wapangaji wanaogawana mita moja ndio wanaoumia zaidi, maana matumizi ya vyumba vyote yanahesabiwa kama nyumba moja. Palipo na uwezekano, dai mita yako.

Kupima kifaa: wati gawanya kwa 1,000, zidisha kwa saa. Feni ya wati 60 kwa saa 8 za usiku ni karibu nusu uniti. Pasi ya wati 1,000 hula kiasi hicho kwa nusu saa, basi piga nguo za wiki mara moja. Friji ndiyo ya kuangaliwa. Bana noti kwenye mlango wake, ukiivuta ikitoka bila upinzani, ubadilishe mpira. Iweke mbali na ukuta upana wa kiganja, futa vumbi nyuma yake, na usiingize sufuria ya moto.

Hatua ya 6: Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 20 siku moja ya masika, ni lita 600. Toa inayopotea, bado unabaki na kama lita 480, yaani mitungi 24 ya lita 20 ambayo hukununua kwa mwenye mkokoteni. Acha maji ya dakika kumi za mwanzo yaende na uchafu wa paa. Makuti hayafai, maji yake ni ya rangi ya chai. Pipa lifunikwe kwa chandarua kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu mbu wa homa ya dengue huzaa kwenye maji masafi kama hayo.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye mimea, ya kusuuzia nguo yaende choo.

Hatua ya 7: Ada za simu

Kutoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa kunatozwa sawa na kutoa 2,500. Toa mara moja kwa wiki, pesa ikae kwenye kopo la nyumbani. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini hakutozwi chochote, na dukani kwenye till (namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa) mnunuzi halipi ada, basi duka likiwa na till lipa hapo.