Anthropolojia kama digrii ya sayansi: isome hivi uielewe

Wengi wanaingia anthropolojia, yaani elimu ya binadamu, mwili wake na utamaduni wake, wakidhani ni kozi ya mila na desturi tu, wanachagua ile ya BSc kwa sababu neno sayansi linapendeza kwenye cheti, halafu wiki chache baadaye wanakuta mfupa mezani na karatasi ya takwimu pembeni yake, hapo ndo kilio kinaanza. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu jua kwanza unachukua nini.

Fungua orodha ya masomo ya lazima ya chuo unachokitaka, yale maneno matamu ya ukurasa wa mbele achana nayo. Vyuo vinatofautiana mno hapa. Kuna vinavyokupa sayansi kwelikweli, yaani mageuzi ya binadamu, anatomia ya mifupa, jenetiki, tabia za sokwe na nyani, takwimu, saa nyingi za maabara. Na kuna vingine ambavyo tofauti kati ya digrii yao ya sayansi na ya sanaa ni somo moja la takwimu na mawili ya biolojia, basi. Hiyo si dhambi, ila kama ndoto yako ni kuchunguza mifupa ya kesi za polisi au kuingia afya ya jamii, hiyo ya pili itakuacha njiani. Ukiona orodha haina takwimu kabisa, mimi ningeuliza maswali mengi kabla ya kulipa.

Biolojia ya sekondari itakusaidia sana. Kemia si lazima sehemu nyingi. Hesabu usizikimbie.

Sasa mifupa, maana hapa ndo watu wanafelia. Mtu mzima ana mifupa 206 na mwanafunzi anadhani kazi ni kukariri majina. Majina ni mwanzo tu, mtihani wenyewe unakuwa hivi: mnazunguka meza hadi meza, kila meza ina mfupa, pengine kipande tu, na una dakika mbili tatu kusema ni mfupa gani, wa kulia au wa kushoto, wa mtu mzima au mtoto. Picha ya kitabuni haikusaidii hapo, lazima mkono wako uwe umeshazoea. Chukua pia ya goti kwa mfano, kamfupa kadogo ambako kwa macho unaweza kuona ka kulia na ka kushoto viko sawa tu. Kaweke mezani upande wa nyuma, ule laini unaogusana na mfupa wa paja, ukiwa chini, na ile ncha ielekee mbele mbali na wewe, halafu kaachie. Kataegemea upande wake wenyewe, kakilalia kulia ni ka kulia, kwa sababu sehemu ya nje ya ule upande laini ni pana kuliko ya ndani. Vitu kama hivi hutavipata kwa kusoma usiku wa mtihani, vinakuja kwa kushika mifupa kila wiki hata dakika ishirini, kwa hiyo ulizia mapema maabara inafunguliwa saa ngapi nje ya vipindi na uwe mtu wa kuonekana pale.

Nyonga nayo ndo kiungo kinachosema zaidi kuhusu jinsia, ya mwanamke kwa kawaida ina pembe pana zaidi pale mbele chini ambapo mifupa miwili inakutana. Kwa kawaida, sio siku zote. Jifunze mapema kuandika "inaelekea ni" badala ya "ni", na kwa mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe usijifanye unajua, walimu wanapenda sana kukutegea hapo.

Mtego mwingine ni umri wa visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizogeuka mawe. Kila mwaka kuna mtu anaandika kwamba zile nyayo za Laetoli kule Tanzania, za mababu wa kale wa binadamu, zilipimwa kwa kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi inayokuwemo kwenye viumbe hai. Haiwezekani. Nusu ya kaboni 14 inapotea kila baada ya miaka kama 5,730, ukivuka miaka 50,000 hivi hakuna kilichobaki cha kupima, na nyayo zile zilizopatikana 1978 zina miaka milioni 3.66. Kinachopimwa pale ni majivu ya volkano, kwa potasiamu na agoni, maana sehemu ya potasiamu hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Ukielewa sababu ya kila kipimo kuwa na mwisho wake huhitaji kukariri jedwali lote.

Takwimu usiisome kama adhabu. Pakua R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni ya bure, anza nayo mwaka wa kwanza hata kama kozi inaileta mwaka wa pili, tafuta vipimo vya mafuvu au vya urefu wa watu vilivyowekwa wazi mtandaoni uchezee, chora grafu mbaya, ufute, uchore tena, maana siku ya tasnifu ikifika yule anayeweza kusafisha data yake mwenyewe anamaliza wakati wenzake bado wanatafuta mtu wa kuwasaidia.

Na yale masomo ya jamii na utamaduni? Wanasayansi wachanga huwa wanayadharau, wanayaita stori. Chukua selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, uone. Ukirithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu unapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ukirithi kwa wote wawili unaugua, mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo la kinga mwaka 1954. Hiyo ni jenetiki. Lakini jiulize malaria ilisambaa vipi kiasi hicho, unakutana na watu waliofyeka misitu wakalima, maji yakatuama juani, mbu wakapata pa kuzaliana, tayari umeingia kwenye historia ya kilimo. Halafu uliza familia inauelewaje ugonjwa huo na inaamuaje nani aoe wapi, hilo darubini haitakujibu, inabidi ukae na watu usikilize. Swali ni moja ila linahitaji zana tatu, na kwangu hiyo ndo sababu ya kusoma digrii hii badala ya biolojia tupu. Kwa hiyo katika masomo ya kuchagua weka angalau moja la mbinu za mahojiano.

Kwenye tasnifu, kibali cha maadili ndo kinachokula muda. Ukitaka kuhoji watu, kupima miili yao au kuchukua mate kwa ajili ya vinasaba, kamati lazima ipitie kwanza na inaweza kukurudishia fomu zaidi ya mara moja. Mabaki ya binadamu nayo yana wenyewe, Marekani ina sheria tangu 1990 inayozitaka taasisi nyingi kurudisha mabaki ya watu wa asili kwa jamii zao, kwa hiyo usidhani kila sanduku lililoko stoo ni mali yako ya utafiti. Anza kumfuata msimamizi muhula mmoja kabla ya wenzako, na uwe na mpango wa pili usiohitaji kibali kizito, kwa mfano data ambayo watu wengine walishaikusanya na wakaruhusu itumike.