Likizo ya Desemba jijini Toronto: maandalizi ya msafiri anayetoka Dar es Salaam

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaandalia safari wakazi wa Dar es Salaam wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao Kanada mwezi wa Desemba, na karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza habari za koti. Koti lina nafasi yake na tutalifikia, lakini safari nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibiwa na kalenda na saa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata muda, kuanzia miezi mitano kabla ya kuondoka.

Hatua ya kwanza: viza

Mtanzania anahitaji viza ya matembezi. Maombi hufanyika mtandaoni katika tovuti ya uhamiaji ya Kanada. Ada ni dola 100 za nchi hiyo, na dola 85 nyingine hulipwa kwa ajili ya alama za vidole na picha, ambazo zikishachukuliwa hutumika kwa miaka 10. Kabla ya yote tazama pasipoti yako, kwa kuwa viza haitolewi kupita siku ambayo pasipoti inakwisha muda wake. Barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji inasaidia, ila haitoshi peke yake: afisa anataka kuona kitakachokurudisha nyumbani, kama vile barua ya likizo ya mwajiri au leseni ya biashara, pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Fedha nyingi zilizowekwa wiki moja kabla ya maombi huzua maswali badala ya kuyajibu. Viza isipokuwa mkononi, usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha.

Hatua ya pili: kuisoma tiketi

Msafiri hubadilisha ndege njiani, aghalabu Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam. Kutoka Dubai hadi Toronto peke yake ni takriban saa 14 angani, kwa hiyo chagua mapumziko ya njiani yasiyopungua saa mbili na nusu, hasa ukisafiri na wazee.

Kosa kubwa zaidi limo katika kuhesabu saa. Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 16 Desemba, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 16, yaani unatoka nyumbani jioni ya tarehe 15. Familia moja niliyoihudumia ilifika uwanjani usiku wa tarehe 16 na mabegi saba, ndege ikiwa imekwishaondoka usiku wa jana yake. Tangu hapo huwa namwandikia kila mteja kwa kalamu, kwa saa za Kiswahili: uwe uwanjani saa tatu usiku, tarehe 15.

Hatua ya tatu: afya

Nunua bima ya safari, kwa sababu mgeni hugharamia matibabu yake mwenyewe na gharama hizo ni kubwa mno. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiambatane na pasipoti, hata kama ni cha zamani. Tangu mwaka 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni malaria. Vimelea ulivyoambukizwa nyumbani vinaweza kujitokeza siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya kufika, na daktari wa nchi ya theluji, akiona homa mwezi wa Desemba, atafikiria mafua. Ukipata homa nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe kwamba umetoka eneo lenye malaria.

Hatua ya nne: nguo na mizigo

Desemba joto la Toronto huwa karibu na nyuzi sifuri, na baadhi ya usiku wa Januari hushuka chini ya 15 chini ya sifuri. Vaa kwa tabaka: nguo ya ndani isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na kukugandisha, kisha sweta la sufu, juu yake koti lisilopitisha upepo. Huna haja ya kununua koti jipya. Katika mitumba ya Karume yapo makoti mazito yaliyotoka huko huko kwenye baridi, na bei hupoa kwa sababu wanunuzi ni wachache. Viatu ndivyo vya kugharamia, viwe na soli ya mpira yenye meno. Koti lisiwekwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Begi likichelewa, utatoka mlangoni na shati.

Umeme wa huko ni volti 120, kwa hiyo pasi na birika vya nyumbani havitafaa, ila chaja iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta tu. Chakula chochote ulichobeba kitaje kwa maafisa wa forodha, na nyama iache.

Hatua ya tano: mwanga na usingizi

Dar es Salaam urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima. Toronto, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na tofauti ya saa ni nane. Ikiwa saa moja jioni huko, mwili wako unahesabu saa tisa usiku. Ukiusikiliza, utaamka usiku wa manane ukiwa macho makavu. Katika siku nne za mwanzo toka nje kila siku saa nane mchana, tembea angalau nusu saa katika mwanga uliopo, kisha jilazimishe kukaa macho hadi saa tatu usiku. Kahawa iwe ya asubuhi tu. Kurudi ni kugumu zaidi, kwani kuelekea mashariki mwili hulazimika kulala mapema kuliko ulivyozoea; tenga siku tatu za mapumziko kabla ya kurejea kazini, na uziandike mapema katika barua ya kuomba likizo.