Kusaka kitabu au makala ya kale ya kemia: uanzie wapi

Kwanza amua: unatafuta kitabu au makala ya jarida? Wengi hupotelea hapo. Wanasaka makala katika orodha ya vitabu, wanaikosa, kisha wanasema haipo.

Kwa vitabu, anza na Henry Carrington Bolton, *A Select Bibliography of Chemistry, 1492–1892*, orodha ya vitabu iliyochapishwa na Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 1893. Kemia iko sehemu ya 5, alkemia (elimu ya kale ya kutaka kugeuza metali kuwa dhahabu) ya 6, majarida ya 7. Mtunzi wa karne ya 17 mtafute katika ya 5 na ya 6 pia, kwani zama hizo kemia na alkemia hazikuwa zimetengana. Mpaka huo ni wa Bolton. Ukimkosa, zipo nyongeza za 1899 na 1904.

Kisha linganisha na *Bibliotheca Chemica* ya John Ferguson (Glasgow, 1906, juzuu 2). Kwa habari za watunzi wa alkemia na matoleo yao, sisi humwamini Ferguson kuliko Bolton. Lakini hiyo ni katalogi ya vitabu alivyokusanya mtu mmoja, James Young. Kitabu kisipokuwemo, ujue tu kwamba Young hakuwa nacho.

Makala za kabla ya 1800 zimo katika *Repertorium*, orodha ya makala iliyotungwa na Reuss, juzuu ya 3 (1803), ila ni zile za vyama vya wanazuoni tu. Za *Annales de chimie*, jarida la kemia la Ufaransa, zitafute kwenye faharasa ya jarida lenyewe. Kuanzia 1800 hadi 1900 tumia *Catalogue of Scientific Papers* ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, juzuu 19. Imepangwa kwa majina ya watunzi, lakini alfabeti inaanza upya kwa kila kipindi: 1800–1863, 1864–1873, 1874–1883, 1884–1900. Aliyeandika miaka arobaini utamkuta mahali kadhaa, na juzuu ya 12 ni nyongeza, usiiruke.

Ukitafuta neno ndani ya nakala za skani, kumbuka kompyuta huisoma ſ, ile s ndefu ya zamani, kama f. Jaribu "fulphur" pamoja na "sulphur", na "chymistry" pamoja na "chemistry". Tarehe za kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa nazo huchanganya: jumlisha 1791 kwenye namba ya mwaka wa Mapinduzi, upate mwaka wa kawaida ulimoanzia. *An VII* (mwaka wa 7) basi ulianza Septemba 1798, na kuanzia tarehe 12 ya Nivôse, mwezi wa nne wa kalenda hiyo, unahesabu 1799.

Mwisho, fungua nakala yenyewe uihakiki. *Traité élémentaire de chimie* ya mwanakemia Mfaransa Lavoisier (Paris, 1789) ina juzuu 2 na kurasa 13 za michoro iliyochorwa na mkewe, Marie-Anne, zilizokunjwa mwishoni mwa juzuu ya 2. Wapiga skani mara nyingi hawazikunjui, ukabaki na kipande cha tanuri na nusu ya chupa. Ikiwa hivyo, tafuta skani ya maktaba nyingine.